Mbwa Aliyelishwa Kashata

Sadick hakuwa na ugomvi na mbwa yeyote duniani. Ila kwao walikuwa hawafugi, na mate ya mbwa yakimgusa mtu wa nyumba ile huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo alipompenda Nyamizi binti Luhaga, jambo la kwanza kujiuliza halikuwa mahari, wala dini, wala wazee watasema nini. Alijiuliza atampitaje yule mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Mtasema. Mzee Luhaga alimpa jina hilo mwaka ule walipohamishiwa Kasoli, nyumba zikapangwa mistari kama madawati ya shule, na majirani wakaanza kunung'unika kwamba mtu kahamia kijijini na mbwa mkubwa kuliko ndama. "Basi mtasema," mzee akawajibu, na jina likabaki hapo hapo. Lilikuwa dume jekundu lenye kifua kipana, na lilibweka bila upendeleo. Lilimbwekea mpita njia, likambwekea padri, likambwekea hata Marcelo, balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa akipita kila siku.

Sadick alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la baba yake, kijana mwembamba, mpole, mwenye futi shingoni saa zote. Silaha hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kashata za karanga za mama yake, Bi Siwema. Mwaka huo sukari ilikuwa imepotea madukani mpaka watoto wadogo walidhani ni hadithi ya wakubwa. Bi Siwema alikuwa na akiba yake ndani ya sanduku la nguo, chini ya khanga za harusi, na kila wiki alichota kidogo akampikia mwanawe kashata. "Kula, baba," alimwambia. "Mwanaume mwembamba hivi nani atakupa binti yake?"

Sadick alizipokea kwa adabu, akazitia mfukoni, na kila alasiri mzee Luhaga akiwa amekwenda kunywesha ng'ombe, alizirusha juu ya ua wa minyaa. Mtasema alizidaka, akanyamaza. Ndipo Nyamizi alipotokea na kibuyu cha maziwa mkononi, akimkuta mchumba wake amesimama salama salimini, na mbwa mkali kuliko wote Kasoli amelala chini akimtazama kwa mapenzi.

"Ajabu," Nyamizi alimwambia siku ya kwanza. "Huyu hajawahi kumnyamazia mgeni. Bibi yangu Nyanjige alikuwa akisema mbwa anasikia harufu ya moyo wa mtu."

Hapo ndipo Sadick alipopaswa kufungua mdomo. Lakini Nyamizi alikuwa akimtazama kwa macho yale makubwa, meusi, yenye kicheko kwa mbali, na kijana wa watu akajikuta anatabasamu tu kama mtu aliyesifiwa kwa haki. Miezi minne ikapita hivyo. Aliapa kila Ijumaa kwamba kesho atamwambia, na kila kesho ilipofika alimwona, akasahau kiapo.

Sasa Jumamosi moja alasiri, Sadick akaingia kwa mzee Luhaga kwa mara ya kwanza kupitia mlangoni. Mzee alikuwa ameshonesha suruali ya kwendea mjini Bariadi, na fundi alikuja kumpima kama inamkaa. Sadick alikuwa ameiota siku hiyo kwa muda mrefu. Alivaa shati jeupe, akajipaka mafuta, akajifunza na maamkizi ya Kisukuma.

"Mwadela, baba," alisema, akiinama.

"Mwadela," mzee alijibu bila kumtazama. "Kaa hapo. Leo suruali itasubiri. Tuna kesi."

Uani palikuwa na watu watatu na mbwa. Mzee Luhaga alikaa kwenye kigoda, fimbo magotini. Marcelo balozi alikaa mbele yake, kofia mkononi, uso umesawijika. Nyamizi alichutama kando, amekunja khanga mpaka magotini, anamwosha Mtasema kwa maji ya mwarobaini. Alimtupia Sadick jicho moja la siri, la haraka, na moyo wa Sadick ukaruka. Kisha akamwangalia mbwa, na moyo ukashuka.

Mtasema alikuwa amenenepa kama gunia la pamba. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yametoka mabakamabaka, macho yamejaa tongotongo, pumzi anavuta kwa shida. Ukutani pamekolea alama za mwili alipokuwa akijikuna. Sadick alikuwa akimwona kila siku kupitia tundu la ua, jicho moja tu la mbwa na pua, na siku zote jicho lake mwenyewe lilikuwa kwa Nyamizi.

"Juzi fisi kachukua ndama wangu," mzee Luhaga alisema. "Kapita hapa, mbele ya pua yake. Mbwa huyu hakuinua hata sikio! Mbwa aliyemfukuza chui kule Lingeka tulikotoka, leo anamtazama fisi kama anamkaribisha chai. Marcelo, nakuuliza kwa mara ya tatu. Mbwa wangu umemfanya nini?"

"Luhaga, ndugu yangu, mimi sijui kuloga hata kuku," Marcelo alisema kwa huzuni.

"Alimuuma mbuzi wako mwaka jana."

"Aliuma, tukayamaliza."

"Wewe uliyamaliza mdomoni!"

"Baba," Nyamizi aliingilia, mikono bado kwenye povu, "mimi nasema si uchawi. Ni chakula. Nimemlisha kama bibi alivyonifundisha, tena mwezi mzima. Utumbo mbichi, mfupa mbichi wenye nyama, kwa sababu uliopikwa unavunjika vipande na kumchoma tumbo. Mtindi uliotolewa siagi. Vichwa vya dagaa. Mbegu za maboga nimemtwangia kwa ajili ya minyoo. Mbwa anayekula hivyo hawi hivi. Kuna kitu kingine anakula, kinaharibu kila ninachotengeneza."

"Na kitu chenyewe hiki hapa," mzee alisema kwa sauti ya kutisha, akachomoa jani la mgomba kiunoni, akalifunua taratibu. "Nimekiokota jana pale kwenye minyaa. Tazameni. Dawa!"

Wote wakasogea. Ndani ya jani kulikuwa na kipande cha kitu cha kahawia, kimetafunwa nusu, kimegandwa na mchanga na manyoya, sisimizi wanakipanda na kushuka.

"Yaya!" Marcelo alirudi nyuma. "Ondoa hicho kitu! Sijakiona tangu nizaliwe!"

"Kina punje ndani yake," mzee aliendelea, macho yamemtoka. "Na kinanata. Mchawi kakipika kwa moto mkali. Kesho naita baraza zima la kijiji. Marcelo utajibu mbele za watu. Na mbwa, kwa kuwa amekwisha kurogwa, atapigwa mkuki. Sina njia nyingine."

Nyamizi akamkumbatia mbwa shingoni, na machozi yakamdondoka ndani ya karai. "Baba, usimuue Mtasema. Nakuomba."

Sadick alikuwa amekitambua kile kitu tangu jani lilipofunuliwa nusu. Alikitambua kwa ile rangi ya sukari iliyoungua kidogo, kosa ambalo mama yake hakuacha kulifanya hata siku moja. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Marcelo angejitetea mwenyewe. Mbwa ni mbwa. Yeye angemliza Nyamizi leo na kumfariji kesho pale pale kwenye minyaa, tena bila gharama ya kashata. Aliyawaza yote hayo, na aliona aibu kwa kila moja.

Kabla hajaamua, Mtasema aliamua. Mbwa alijikokota kutoka kwenye karai, maji yakimchuruzika, akamwendea mgeni moja kwa moja. Akakaa mbele yake. Akainua mguu wa mbele, akauweka gotini pake kwa heshima, kisha akachomeka pua kwenye mfuko wa kulia wa suruali.

Sisimizi tu ndio walioendelea na kazi yao.

"Fundi," mzee Luhaga alisema polepole. "Umewahi kuonana na mbwa wangu?"

Sadick akatia mkono mfukoni, akatoa kashata ya siku ile, imefungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Mzee, muache balozi. Hiyo si dawa. Ni kashata. Mama yangu anazipika. Mimi ndiye niliyempa."

"Kashata ndiyo nini?"

"Karanga na sukari."

"Sukari?" Marcelo aliinua kichwa.

"Mwongo," mzee alisema. "Sukari haipo. Kama si dawa, kula."

Sadick akamega, akala. Marcelo hakungoja kuambiwa. Alinyoosha mkono, akamega naye, akatia mdomoni, na uso uliokuwa umesawijika tangu saa nane ukaanza kufunguka. Akafumba macho. "Sukari," alinong'ona. "Luhaga, hii ni sukari kabisa."

Mzee akachukua kipande cha mwisho, akakinusa, akakiramba kwanza, kisha akakitafuna kwa muda mrefu. Alipomeza, alikuwa amekasirika mara mbili zaidi.

"Mimi," alisema, akijigonga kifuani, "tangu mavuno nakunywa uji wa chumvi. Mke wangu alipougua, Mungu amrehemu, aliomba chai ya sukari siku mbili, nikaizunguka Bariadi yote nikakosa. Na mbwa wangu anakula sukari kila siku?"

"Kila siku, mzee," Sadick alisema kwa sauti ndogo. "Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa nilimpa mbili."

"Kwa nini? Mbwa wangu ni nani yako?"

Hapo Sadick hakumtazama mzee. Alimtazama Nyamizi. Naye Nyamizi alikuwa amesimama, maji ya mwarobaini yanamdondoka kwenye vidole, uso hauna tena kicheko hata kwa mbali.

"Ili asibweke," Sadick alisema. "Nije kuzungumza na binti yako pale kwenye minyaa. Nampenda, mzee. Sijamgusa hata mkono, naapa. Ila nilikuja kama mwizi, na nimemuumiza mbwa. Sikujua kama sukari inamuumiza. Lakini hata kama ningejua, labda ningempa tu, maana nilikuwa nataka kumwona. Huo ndio ukweli."

Mzee Luhaga akainuka na fimbo. Marcelo, aliyekuwa mshitakiwa dakika mbili zilizopita, akamdaka kiuno kwa nguvu zake zote. "Luhaga, tulia! Kijana angeweza kukaa kimya! Mimi ningeaibika mbele ya kijiji kizima, na wewe usingejua mpaka unakufa! Tulia!"

Wakati wazee wakivutana, Nyamizi akamsogelea Sadick. Aliongea taratibu, na utaratibu huo ulimchoma kuliko fimbo.

"Siku ile ya kwanza, ulimpa?"

"Nilimpa."

"Na nilipokwambia maneno ya bibi?"

"Ilikuwa mfukoni. Ya pili."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Nyamizi."

"Miezi minne nalala nikijiambia, huyu sina haja ya kumpeleleza, Mtasema kanishuhudia. Wenzangu wanapeleleza ukoo, wanauliza majirani. Mimi nilimwamini mbwa." Sauti ikamkatika. "Kumbe mbwa hakukupenda. Alipenda kashata. Sasa nani atanishuhudia?"

Sadick alitamani kumwambia kwamba moyo wake ni uleule, ila hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi. Nyamizi akamgeuzia mgongo, akarudi kwa mbwa.

Mzee Luhaga alipotulia, alitoa hukumu. Mbwa hatapigwa mkuki, atarudishwa kwenye chakula chake. Kila siku fundi atafuata utumbo na mifupa mibichi machinjioni, ataacha kwa Marcelo, na hatatia mguu kwenye minyaa. Kila Jumamosi alasiri atakuja mpaka mlangoni, mikono mitupu, asimame.

"Asimame afanye nini?" Marcelo aliuliza.

"Abwekewe," mzee alisema. "Mbwa wangu alikuwa anambwekea kila mtu. Huyu kamharibia kazi. Siku Mtasema atakapombwekea kama anavyobwekea watu wengine, nitajua mbwa kapona. Siku hiyo, akitaka, aje na wazee wake tuzungumze. Na kama hatabweka mpaka pamba ichumwe, aende akatafute binti wa watu wasiofuga."

Hivyo ndivyo Sadick alivyokuwa kijana wa kwanza Kasoli aliyemwomba Mungu abwekewe na mbwa wa ukweni.

Jumamosi ya kwanza alisimama mlangoni, akavimbisha kifua, akakunja uso awe kama mwizi. Mtasema akaja akitikisa mkia mpaka kiuno chote kinakwenda. Ya pili, mbwa alikuwa amepungua, manyoya yameanza kuota, akaja mbio, akamnusa mifuko yote miwili, akakaa chini akisubiri, mate yanamtoka. Nyamizi alikuwa anapepeta mtama pale uani. Hakuinua kichwa. Sadick alirudi nyumbani akitembea kama mtu mwenye homa, na usiku ule hakula.

Jumamosi ya tatu Bi Siwema hakustahimili. Alikuwa amekwishajua habari yote, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alimlaumu mwanawe kwa wembamba miezi minne, kumbe aliyekuwa akinenepa ni mbwa wa mzee Luhaga. Alijitanda khanga, akamfuata nyuma mpaka karibu na mlango ule. Mtasema alikuwa amesimama mlangoni, mwekundu, macho maangavu, mwili umerudi. Alimwona Sadick, na mkia ukaanza kucheza.

"Hata leo!" Bi Siwema alifoka kwa kunong'ona. Akainama, akaokota jiwe, akamtia mwanawe mkononi. "Mrushie. Moja tu, la ubavuni. Atabweka mpaka wamsikie Bariadi, na mambo yameisha."

Sadick alilishika lile jiwe. Lilikuwa zuri, la saizi ya ngumi. Mzee Luhaga alikuwa ndani, Marcelo hayupo, njia nyeupe. Mbwa akamtazama kwa imani yote, kichwa upande.

"Hapana, mama," alisema, akaliachia jiwe likaanguka. "Nimeshamdanganya mara moja. Nikimpiga kwa jiwe, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, yeye na mwenye mbwa."

"Na binti ukimkosa?"

"Nitamkosa." Akalisukuma jiwe kando kwa mguu. "Lakini sitamkosa kwa jiwe."

Mtasema akasogea, akamramba kiganja kizima, mbele na nyuma. Bi Siwema akapiga yowe, akashika njia kwenda kutafuta udongo na maji. Sadick akabaki amesimama, mkono umeloa, hajui acheke au alie. Hakuona kwamba upande wa pili wa ua, kwenye tundu lile lile la siku zote, palikuwa na jicho moja jeusi likimtazama, na kwamba jicho lenyewe lilikuwa limejaa machozi.

Jumamosi ya nne alichelewa. Jua lilikuwa limeanza kulegea, njia imejaa vumbi la ng'ombe wanaorudi. Alivaa shati kuukuu, kwa kuwa hakuwa na tumaini la maana. Alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni aliposikia kitu kama ngurumo.

Mtasema alitoka uani kama jiwe la kombeo. Alibweka kwa kifua chote, masikio yamelala nyuma, meno nje, na hakukuwa na dalili yoyote kwamba aliwahi kumjua mtu huyu katika maisha yake; wiki nne za mifuko mitupu zilikuwa zimemtosha. Sadick akageuka kukimbia, akakumbuka, akageuka tena, akafungua mikono.

"Kanibwekea!" alipiga kelele. "Mzee Luhaga! Balozi! Kanibwekea!"

Mbwa akamshika suruali nyuma, akavuta, na nusu ya kitambaa ikabaki mdomoni mwake. Sadick akaanguka vumbini, anacheka, anaziba sehemu iliyo wazi kwa mikono miwili. Marcelo alitoka kwake akipiga makofi. Mzee Luhaga akasimama mlangoni, akamsikiliza mbwa wake kwa muda, kama mtu anayesikiliza redio inayosema habari njema.

"Sasa huyu ni mbwa," alisema hatimaye. "Mtasema! Rudi! Fundi, nenda kavae. Kisha waambie wazee wako nitakuwa nyumbani Jumapili."

Akaingia ndani, asionekane anatabasamu.

Nyamizi akaja na khanga, akamrushia Sadick ajifunge. Akachutama mbele yake pale vumbini, karibu kuliko siku zote za minyaa, na kile kicheko cha mbali kilikuwa kimerudi machoni.

"Umemsikia?" alimuuliza. "Mtasema kakukataa. Mbele ya watu, mchana kweupe."

"Nimemsikia," Sadick alisema. "Basi shahidi wako ndiye huyo."

"Jumamosi iliyopita nilikuwa pale kwenye tundu." Nyamizi akamfuta vumbi shavuni kwa kidole kimoja, taratibu, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. "Sihitaji tena kumuuliza mbwa."